Nani Aruhusiwe Kuingia? Utunzaji wa Chombo cha Kupimia Kanuni za Milango ya Kompyuta

Mizani ya kupimia dhahabu katika masoko ya Mkoa wa Geita haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Huaminiwa kwa sababu afisa wa Wakala wa Vipimo ameiwekea mawe ambayo uzito wake unajulikana, akaona kwamba inasema kweli, akaipiga mhuri. Mawe hayo nayo hayana budi kutunzwa, kwani jiwe lililolika au lililoshika uchafu litaipitisha mizani mbovu na kuikataa iliyo nzima. Makala haya yanahusu jiwe la namna hiyo katika fani ya kompyuta, yaani chombo cha kupimia kanuni zinazoamua ni nani aruhusiwe kuingia katika kompyuta gani. Chombo chenyewe ni programu ndogo, wala hakina sifa kubwa mbele ya watu. Lakini kikizeeka bila kutunzwa hudanganya, tena hudanganya kwa sauti ya mwenye uhakika.

Mlango na kanuni zake

Tuchukue mfano wa kubuni, ila uwe wa mahali panapojulikana. Buseresere ni mji mdogo katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mji huu umeungana na Katoro, ingawa Katoro imo katika Wilaya ya Geita. Mgeni apitaye barabarani hatambui kwa urahisi wapi wilaya moja imekoma na nyingine imeanza. Sasa tuseme kwamba Buseresere pana kituo cha afya chenye kompyuta nne: moja ya mapokezi, moja ya maabara, moja ya stoo ya dawa, na seva inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Wapo wapokezi, wauguzi, wataalamu wa maabara, mfamasia, na fundi wa kompyuta anayehudumia vituo kadhaa vya wilaya.

Neno la siri hujibu swali moja tu: je, huyu ni yule anayesema kuwa ndiye? Swali la pili ni tofauti kabisa: hata akiwa ndiye, je, ana haki ya kuingia hapa? Mpokezi anaweza kuwa mwaminifu na neno lake la siri likawa sahihi, lakini hana shughuli katika kompyuta ya maabara ambamo majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI yamehifadhiwa kwa majina ya watu. Swali hili la pili ndilo linalojibiwa na kanuni za mlango. Kila kanuni ina viungo vitatu: mtu au kikundi cha watu, kompyuta mwenyeji au kikundi cha kompyuta, na huduma inayotumiwa kuingilia. Huduma hiyo inaweza kuwa kuketi mbele ya mashine yenyewe, kuingia kutoka mbali kwa njia ya mtandao, au kuendesha kazi za ratiba usiku wakati hakuna mtu.

Hesabu ya hali zinazowezekana hukua upesi. Watumishi kumi na wawili, kompyuta nne na huduma tatu hutoa maswali 144, na kila swali lina jibu moja tu lililo sahihi: ndiyo au hapana. Kanuni zilizoandikwa huenda zikawa sita au saba. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma kanuni saba na kuona kwa macho majibu yote 144, hasa ikiwa vikundi vimo ndani ya vikundi vingine. Ndiyo maana pakahitajika chombo cha kuuliza: "Fulani akitaka kuingia katika kompyuta hii kwa huduma hii, ataruhusiwa?", nacho kijibu bila Fulani kusogea mlangoni.

Mlinzi wa Eindhoven

Wazo hili lina umri wa kutosha. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, kompyuta zilikuwa zikivamiwa mara kwa mara na mtu ambaye, akiisha kujipatia mamlaka yote, alifuta kila kilichomo. Wietse Venema alitaka kwanza kumjua tu huyo anatoka wapi. Akaandika programu ndogo iliyokaa kati ya mtandao na huduma. Mgeni akibisha hodi, programu iliandika jina la kompyuta anakotoka, kisha ikamwita mwenye huduma aje afungue. Baadaye mlinzi huyo akapewa pia uwezo wa kukataa. Programu ikaitwa TCP Wrapper, na kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya kawaida ya mashine za Unix na Linux duniani.

Kanuni zake zilikaa katika mafaili mawili, moja la kuruhusu na moja la kukataa. Mlinzi alisoma la kuruhusu kwanza. Akikuta kanuni inayolingana, mgeni alipita na usomaji ukaishia hapo. Asipoikuta alisoma la kukataa. Kama napo hakuna kanuni inayolingana, mgeni aliruhusiwa. Msomaji aizingatie sana kauli hiyo ya mwisho: pale ambapo kanuni zimenyamaza, mlango ulikuwa wazi.

Hapo ndipo makosa yalipozaliwa. Aliyetaka kuutaja mtandao mzima wa kompyuta kwa tarakimu alipaswa kumalizia na nukta, mathalani 192.168.1 na nukta mbele yake. Akiisahau nukta, kanuni haikulingana na kompyuta hata moja, lakini jicho lilipoisoma liliiona nzuri kabisa. Kwa sababu hiyo programu ikaja na wapimaji wawili. Mmoja, tcpdchk, alikagua maandishi ya kanuni na kuonyesha yanayotia shaka. Wa pili, tcpdmatch, alipewa jina la huduma na la mgeni, akabashiri: ataruhusiwa, au atakataliwa.

Historia ya tcpdmatch inastahili kusomwa na kila anayetunza chombo cha kupimia. Ili kujua kama huduma fulani inalindwa kweli na mlinzi huyu, ilitazama faili ambamo huduma za mashine ziliorodheshwa wakati ule. Isipoikuta humo ilitoa onyo kwamba huduma hiyo haijulikani. Onyo hilo lilikuwa la haki. Lakini baadaye huduma kubwa kama OpenSSH, ambayo ndiyo njia kuu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, zikaanza kumbeba mlinzi ndani yake zenyewe bila kupitia faili lile. Onyo likaendelea kutoka kila mara ingawa huduma ilikuwa imelindwa. Mafundi wakazoea kulipuuza, na mazoea hayo yakawa sehemu ya ujuzi wao.

Kisha dunia ikageuka tena. Toleo la 6.7 la OpenSSH, lililotoka mwaka 2014, liliacha kabisa kumtumia mlinzi huyu. Fedora ikamwondoa katika toleo la 28 la mwaka 2018, na Red Hat Enterprise Linux 8 ya mwaka 2019 ikatoka bila yeye. Baadhi ya wasambazaji wengine wa Linux waliendelea kumuunganisha kwa juhudi zao wenyewe, kwa hiyo hali ilitofautiana kati ya mashine na mashine. Tuitazame sasa kompyuta iliyosasishwa huku mafaili yake mawili yakibaki palepale. Faili la kukataa linasema "wote wakataliwe". Mpimaji wa zamani, kama bado yupo, akiulizwa husoma faili hilo na kujibu kwa kujiamini: atakataliwa. Naye mgeni anapita, kwa kuwa aliye mlangoni hasomi tena faili hilo. Onyo la zamani ambalo sasa lingekuwa la kweli huonekana bado, lakini hakuna anayelisikiliza.

Hapakuwa na kosa katika programu ya mpimaji. Alifanya alichofanya tangu awali. Kilichobadilika ni mlango, naye hakubadilika pamoja nao.

Niongeze jambo moja hapa kwa kupita. Mwezi Januari 1999 mtu asiyejulikana alibadilisha nakala ya TCP Wrapper iliyokuwa ikisambazwa kutoka seva ya Eindhoven, akatia ndani yake njia ya siri ya kumwingiza mvamizi. Waliolinganisha nakala yao na sahihi ya mwandishi waliweza kuona kwamba imechezewa. Mwenye kutunza chombo cha kupimia milango asiache kuupima pia mlango ambao chombo chenyewe kiliingilia.

Mpimaji anayesoma kwa macho ya mlinzi

Kizazi cha pili cha kanuni hizi hakikai tena katika faili la kila mashine. Hukaa katika seva moja inayohudumia mashine zote za taasisi. Mfano mmoja unaotumika sana ni FreeIPA, mfumo wa programu huria. Ndani yake kanuni za viungo vitatu tulivyovieleza huandikwa mahali pamoja, na kila kompyuta mwenyeji ina mlinzi wake, programu iitwayo SSSD, inayochukua kanuni zinazoihusu na kuzitekeleza. Tangu mwaka 2011 mfumo huo una mpimaji aitwaye hbactest.

Waandishi wake waliamua jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la maana kuliko yote. Mpimaji hakuandikiwa akili yake mwenyewe ya kusoma kanuni. Anatumia maktaba ileile ya programu anayoitumia mlinzi katika kufanya uamuzi. Hivyo wakibadilisha maana ya kanuni kwa mlinzi, mpimaji naye amebadilika papo hapo. Ule ufa uliompata tcpdmatch, wa kusoma maandishi ambayo mlinzi amekwisha kuyaacha, umezibwa kwa sehemu kubwa. Nasema kwa sehemu kubwa, na sababu tutaiona.

Katika mfumo huu ukimya wa kanuni maana yake ni kukataa. Hapo mwanzoni palikuwa na aina mbili za kanuni, za kuruhusu na za kukataa, lakini za kukataa ziliondolewa. Uondoaji huo una mantiki. Mlinzi akishindwa kufahamu vikundi vyote vya mtu fulani, kanuni ya kumkataa haitalingana naye, na atapita. Zikibaki za kuruhusu peke yake, kutofahamu huko humweka nje. Ni afadhali mfamasia apige simu kwa fundi kulalamika kuliko mgeni apite kimya. Kadhalika liliachwa sharti lililotegemea kompyuta anakotoka mtu, kwani jina la kompyuta hiyo hutolewa na huduma inayomleta, na haliwezi kuaminiwa kama ushahidi. Kila mabadiliko ya namna hii yalimlazimu mtunzaji wa hbactest kurekebisha maswali anayouliza na maelezo anayotoa.

Fundi wetu wa Buseresere, mara tu anapouweka mfumo huu, hukutana na mtego. Mfumo huja na kanuni moja iliyokwisha kuandikwa, iitwayo allow_all, inayomruhusu kila mtu katika kila kompyuta kwa kila huduma. Imewekwa ili watu wasifungiwe nje siku ya kwanza. Fundi huandika kanuni zake tatu nzuri: wapokezi kwa mapokezi, wataalamu wa maabara kwa maabara, mfamasia kwa stoo. Kisha anapima. Mtaalamu wa maabara, kompyuta ya maabara: ndiyo. Mfamasia, stoo: ndiyo. Anafurahi, anakwenda zake. Hakuuliza kama mpokezi anaingia maabara. Angeuliza, jibu lingekuwa pia ndiyo, na hbactest ingemtajia kwa jina kanuni iliyomruhusu: allow_all. Maadamu kanuni zote ni za kuruhusu, kuongeza kanuni mpya hakumzuii mtu yeyote hata siku moja. Kinachozuia ni kuizima ile ya kwanza.

Kwa hiyo orodha ya maswali ya kupimia iwe na "hapana" nyingi kuliko "ndiyo". "Ndiyo" iliyokosekana itagunduliwa na mwenye kazi asubuhi ileile. "Hapana" iliyokosekana haina mlalamikaji, na inaweza kukaa miaka.

Orodha na maisha yake

Majibu yanayotarajiwa yaandikwe kabla ya kanuni, tena yaandikwe na wenye kazi, yaani mganga mfawidhi na wakuu wa sehemu, si fundi peke yake. Fundi akiandika majibu baada ya kuona chombo kimesema nini, atakuwa amenakili tu, hakupima. Orodha ikae katika faili, na kompyuta iulize maswali yote 144 yenyewe na kuonyesha yale tu ambayo jibu limepishana na linalotarajiwa.

Swali la lini kuipitisha orodha hiyo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wengi wataipitisha kanuni zinapobadilishwa, na hapo tu. Lakini fikiria muuguzi mmoja wa Katoro anayekuja kushika zamu Buseresere kwa wiki mbili, kwa kuwa miji ni mmoja hata kama wilaya ni mbili. Kwa haraka, badala ya kumtia yeye peke yake, fundi anakitia kikundi kizima cha wauguzi wa Katoro ndani ya kikundi cha wauguzi wa Buseresere. Hakuna kanuni iliyoguswa hata herufi. Hata hivyo, tangu dakika ile wauguzi wote wa upande wa pili wanaweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa wasiowahudumia, na wiki mbili zikiisha hakuna atakayekumbuka kuondoa. Chombo kinajua: hbactest hufuata vikundi vilivyomo ndani ya vikundi, na swali la "muuguzi wa Katoro, seva ya kumbukumbu" lingetoa jibu lililopishana. Sharti liulizwe. Kwa sababu hiyo orodha ipitishwe kila usiku, iwe kuna aliyebadilisha kitu au hakuna.

Orodha yenyewe nayo huzeeka. Huduma mpya huzaliwa ndani ya mfumo bila fundi kuziomba. Linux ilipoanza kuendesha sehemu ya kikao cha kila mtumiaji kwa huduma iitwayo systemd-user, waliokuwa wameizima allow_all waliona huduma hiyo ikikataliwa, na FreeIPA ikalazimika kuja na kanuni maalumu ya kuiruhusu. Mpimaji alikuwa tayari kujibu swali hilo tangu zamani; tatizo ni kwamba katika orodha za watu halikuwamo. Kila mfumo unaposasishwa, fundi alinganishe huduma zilizomo katika orodha yake na zile ambazo mashine inazo kweli.

Haya si mambo ya wataalamu kujifurahisha nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na anayezishika ana wajibu wa kuzilinda. Katika mji mdogo ambapo aliye mapokezi anamfahamu shangazi wa mgonjwa, jibu la maabara likisomwa na asiyehusika huweza kuvunja nyumba ya mtu kabla ya sheria yoyote kutajwa.

Mlango uko Buseresere

Nilisema ufa umezibwa kwa sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki ni hii: hbactest hukaa kwenye seva na husoma kanuni zilizo kwenye seva, lakini mlango uko kwenye kompyuta ya kituo. Chombo hakiangalii kama neno la siri ni sahihi wala kama akaunti imefungwa. Hakiangalii kama kompyuta ile imeunganishwa na mlinzi kweli. Mtu akiisha kuiweka upya mashine ya maabara na kusahau kumrudisha mlinzi, hbactest itaendelea kujibu "hapana" kwa kila mpokezi, nao wanaingia.

Tena upo mtandao wenyewe. Umeme ukikatika mahali fulani njiani, kompyuta ya Buseresere haiifikii seva. SSSD imeandaliwa kwa hali hiyo: huweka akiba ya kanuni ilizozichukua mara ya mwisho na, ikiwa imeruhusiwa, akiba ya alama za kuthibitishia maneno ya siri ya walioingia hapo awali, ili kazi isisimame. Ni utaratibu mzuri, na kwa mazingira yetu ni wa lazima. Lakini mtumishi aliyeondolewa kazini leo asubuhi, wakati kituo hakina mtandao, bado anatambuliwa na kompyuta aliyoizoea. Kwenye seva mpimaji anasema "hapana". Mlangoni jibu ni "ndiyo", na litabaki hivyo mpaka mawasiliano yarudi.

Fundi anaweza kulithibitisha hili mwenyewe kwa nusu saa. Atengeneze akaunti ya majaribio, aiingize mara moja katika kompyuta ya stoo, kisha achomoe waya wa mtandao. Akiwa kwenye seva, aifutie haki akaunti hiyo na kuuliza hbactest. Arudi stoo ajaribu kuingia. Arudishe waya, ajaribu tena. Akishaona kwa macho tofauti ya majibu hayo, atafute katika mipangilio ya SSSD kipengele kinachoitwa offline_credentials_expiration, kinachoweka idadi ya siku ambazo akiba ya kuingilia inakubalika bila seva. Kisipoguswa thamani yake ni sifuri, na sifuri hapo maana yake si kukataa papo hapo bali ni kutokuwa na ukomo. Siku ngapi zifae Buseresere ni jambo la kukubaliana na mganga mfawidhi, kwa kuangalia mtandao wa kituo hukatika kwa muda gani, na idadi hiyo iandikwe juu ya orodha ya maswali, pamoja na tarehe ambayo jaribio la waya lilifanyika mara ya mwisho.